Safari ya kwanza ya meli Karibi: yale ambayo mke na mume wayapange kabla nanga haijang'olewa

Kwa mke na mume ambao hawajawahi kulala melini, safari nzuri ya kuanzia ni ile ya usiku saba kutoka Miami kwenda upande wa magharibi wa Bahari ya Karibi: Jamaika, Grand Cayman, Cozumel ya Meksiko, na mara nyingi kisiwa kimoja cha Bahama njiani. Zile za usiku tatu au nne hugharimu kidogo, lakini zinaisha ndiyo kwanza mmejua ngazi ipi inatokea wapi. Saba huwapa siku mbili hivi za bahari tupu, na hizo ndizo siku ambazo wawili hukaa pamoja bila kukimbizana na ratiba ya mtu.

Kuhusu msimu, vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na 10 Septemba. Nahodha hakiingii kimbunga, hukizunguka, na mkataba wa tiketi unampa ruhusa ya kubadili bandari bila kuwauliza. Bandari ikirukwa, kwa kawaida mnarudishiwa ada ya bandari ile tu, ambayo ni dola chache. Ndiyo sababu bei za Septemba huvutia. Kama kuna kisiwa mlichokiwekea moyo, nendeni kati ya Januari na Aprili, mkijua kwamba hata miezi hiyo upepo mkali wa kaskazini huweza kufunga gati za Cozumel kwa siku moja.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Safari hii inaanzia Marekani, inatoka nje ya Marekani, na inarudi Marekani. Mkishuka Miami siku ya mwisho mnahesabiwa kuwa mnaingia nchini upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Kila mmoja awe na viza ya kuingia mara nyingi, na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi za Afrika Mashariki yamekuwa yakibadilika, basi msilipe meli kwa matumaini. Pateni viza, ndipo mlipe, na mnapolipa chagueni nafasi ambayo amana yake inarudishwa mkighairi, hata kama ni ghali kidogo.

Wenzetu wanaoishi Marekani wana mtego wao. Raia wa Marekani anayetoka na kurudi bandari ileile anaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Katika nyumba nyingi zetu mmoja ameshakuwa raia na mwenzake bado ana green card (kadi ya mkazi wa kudumu wa Marekani), na huyu wa pili anadhani ruhusa ile ni ya wote. Si ya wote. Mwenye green card abebe green card yenyewe pamoja na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1 ahakikishe fomu yake ya chuo, I-20, ina sahihi ya kusafiri. Na aliye na ombi la green card ambalo halijajibiwa, akitoka bila kibali cha kusafiri, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake; kwa mtu wa namna hiyo, siku moja Cozumel inaweza kumgharimu miaka ya kusubiri. Aongee na wakili kwanza.

Kila kisiwa kina sheria yake ya viza. Meksiko humpokea bila viza yake mtu mwenye viza hai ya Marekani au green card, lakini msidhani visiwa vingine hufanya vivyo hivyo. Iandikieni kampuni ya meli, tajeni uraia wa kila mmoja na bandari zote za ratiba yenu, na mhifadhi jibu. Mkikosa karatasi moja tu hapo gatini hawatawapandisha, na fedha hairudi. Wanaotoka moja kwa moja Kenya, Uganda, Kongo au Burundi wabebe pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na sasa ni cha maisha yote.

Halafu majina. Mke anayetumia jina la mume kila mahali, lakini pasipoti yake bado ina jina la baba, aandikishwe kama pasipoti inavyosema, herufi kwa herufi. Na ikiwa mna habari njema njiani, fahamuni kwamba kampuni nyingi hazimpandishi mama ambaye mimba yake itakuwa imefikia wiki 24 kabla safari haijaisha.

Kabini: nendeni ngamani

Watu wa pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye kuchagua kabini msihangaike na tezi (nyuma) wala omo (mbele), anzeni ngamani, chini katikati. Meli hupanda na kushuka mawimbi kama mbao ya pembea: aliye mwisho wa mbao hurushwa, aliye katikati hatikisiki sana. Na inapolala upande huu na ule, aliye juu anasafiri umbali mrefu kuliko aliye chini. Mabawa ya chuma yanayochomoza chini ya maji hupunguza kule kulala upande, lakini hayawezi kitu juu ya kule kupanda na kushuka. Kwa hiyo kabini ya chini, katikati ya urefu wa meli, bila roshani, humtunza mgeni wa bahari vizuri kuliko ya ghorofa ya 12 kule mbele inayouzwa ghali kwa sababu ya kuona mbali.

Kabla ya kulipa, fungueni ramani ya sitaha na mtazame kilicho juu yenu na chini yenu. Kabini iliyo chini ya sitaha ya bwawa itawaamsha alfajiri viti vinapoburutwa. Iliyo juu ya ukumbi wa muziki itatetema hadi usiku wa manane. Ya mbele kabisa chini itasikia mnyororo wa nanga. Bora ni ile yenye kabini juu, kabini chini, na si mlango wa pili kutoka lifti. Mkiona bei ya chini yenye maelezo kwamba kampuni itawapangia chumba yenyewe, hapo mnauza haki ya kuchagua haya yote.

Ukubwa: kabini ya ndani ni takriban mita za mraba 14 hadi 17, choo na bafu vikiwa humo. Kitanda kikubwa huwa ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja, basi hakikisheni nafasi yenu imeandikwa vitanda viunganishwe, la sivyo mtakuta vimetenganishwa na meza katikati. Kuta ni za chuma, kwa hiyo ndoano za sumaku nne au tano zitawasaidia kutundika kofia, mikoba na nguo mbichi za kuogelea. Pasi na birika la umeme haviruhusiwi. Ekstensheni yenye kinga ya umeme itachukuliwa mlangoni kwa sababu ya maana: umeme wa meli haujaungwa na ardhi kama wa nyumbani, na kifaa kile huweza kupata moto na kuwaka. Bebeni kichwa cha chaji chenye matundu kadhaa ya USB kisicho na kinga hiyo, pamoja na adapta ya plagi za Marekani, maana zile za pini tatu nene za kwetu haziingii.

Bei iliyotangazwa na bei mtakayolipa

Bei hutajwa kwa mtu mmoja, kwa sharti kwamba wako wawili chumbani. Tufanye hesabu ya mfano. Kabini ya ndani dola 700 kwa mtu, wawili 1,400. Kodi na ada za bandari dola 150 kila mmoja, 300. Bakshishi ya wahudumu, ambayo huingizwa yenyewe kwenye akaunti yenu, tuseme dola 18 kwa mtu kwa siku: mara siku 7, mara watu 2, ni 252. Intaneti ya kifaa kimoja dola 20 kwa siku, 140. Matembezi mawili ya kisiwani ya dola 80 kila mtu, 320. Jumla 2,412 kabla ya ndege, hoteli na bima.

Sasa ongezeni kifurushi cha vinywaji cha dola 80 kwa siku: wawili kwa siku 7 ni 1,120, na bakshishi ya asilimia 18 juu yake, inafika kama 1,322. Karibu bei ya chumba chenyewe. Tena kampuni nyingi hulazimisha watu wazima wote wa kabini moja wanunue. Hawakubali mume anywe kwa kifurushi na mke asinunue. Wasiokunywa pombe hawana haja nacho hata kidogo. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi vimo kwenye nauli, na maji ya bomba ya melini, yanayotengenezwa kwa kuchuja au kuchemsha maji ya bahari, hunywewa bila wasiwasi. Bebeni chupa zenu tu.

Melini hakuna noti zinazozunguka, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba. Mkiunganisha kadi ya debiti ya benki, kampuni hushikilia kiasi fulani kila siku, wakati mwingine zaidi ya mlichotumia, na kuachiliwa kwake huchukua siku kadhaa baada ya safari. Hivyo ndivyo mtu anavyojikuta hotelini Miami kadi ikikataa ilhali ana salio. Kama hamna kadi ya mkopo, wekeni amana ya taslimu pale mapokezi siku ya kwanza. Na bima iwe inayolipia kutolewa melini kwa helikopta au ndege ya wagonjwa. Kliniki ya meli hutoza kwa dola, papo hapo.

Siku ya kupanda

Fikeni Miami siku moja kabla mkitoka ndani ya Marekani, siku mbili mkitoka Nairobi au Dar es Salaam. Tofauti ya saa ni 7 au 8, na ndege ikichelewa meli haiwangoji. Meli ikiondoka saa kumi alasiri, mlango wa abiria hufungwa saa moja au zaidi kabla.

Mabegi makubwa mnayakabidhi kwa wachukuzi nje ya jengo, yakiwa na lebo ya namba ya kabini, na dola moja au mbili kwa begi ni utaratibu wa pale. Yatafika mlangoni kwenu jioni, mengine saa mbili usiku. Kwa hiyo pasipoti, dawa, miwani, chaji, nguo za kuogelea na shati moja safi vikae kwenye begi la mkononi. Pasipoti ikiingia kwenye begi kubwa, hampandi.

Kazi ya kwanza ndani ya meli, kabla hata ya chakula, ni zoezi la dharura. Siku hizi mnatazama video kwenye simu au runinga, kisha mnakwenda kwa miguu hadi kituo chenu cha kukusanyikia, kadi inasomwa, mnaonyeshwa jaketi la kujiokoa. Dakika kumi. Mwaka 2012 meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa, ndani yake walikuwamo abiria waliopanda siku ileile ambao hawakuwa wamefanya zoezi hilo. Baada ya hapo kanuni zikataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mlio wa dharura ni saba mifupi na mmoja mrefu. Hesabuni milango kutoka kabini yenu hadi ngazi, mkishika ukuta, kwa sababu moshi au giza likiingia mkono ndio utakaoona.

Saa ya meli

Jambo hili tunaliwekea mkazo kuliko yote, maana ndilo linalowaacha watu gatini wakiangalia meli inavyoondoka.

Meli nyingi za Miami hubaki na saa ya Miami safari nzima, nyingine hubadili. Mtasoma kwenye programu ya meli. Miami husogeza saa mbele kuanzia Machi hadi Novemba. Cozumel, Cayman na Jamaika hazisogezi. Basi mwezi wa Julai simu inayojirekebisha yenyewe ikishuka Cozumel inarudi nyuma saa nzima. Mmeambiwa wote wawe ndani saa kumi na nusu alasiri. Mnaangalia simu ufukweni, inasema saa kumi kamili, mnaagiza soda moja ya mwisho. Kumbe melini ni saa kumi na moja, na daraja la kupandia limeshavutwa.

Nunueni saa ya mkononi ya bei ndogo, itegwe kwa saa ya meli, isiguswe. Simu zizimwe kujirekebisha na ziwekwe kwenye hali ya ndege tangu Miami, kwa sababu mtandao wa simu wa melini hutoza gharama kubwa hata kwa ujumbe unaoingia wenyewe. Na sisi wa Kiswahili tuna hatari ya ziada: ratiba imeandikwa 4:30, mke anasema “saa kumi na nusu”, mume aliyezoea kusoma ratiba anatafsiri tena kichwani. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba muda wowote unaohusu meli utatamkwa kwa namba zilizoandikwa, bila kugeuza.

Ukichelewa ukiwa kwenye matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe, meli hungoja au kampuni hugharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukichelewa na teksi yako mwenyewe, ni juu yako. Kwa hiyo matembezi ya mbali fanyeni ya meli. Ya dakika kumi kutoka gatini chukueni teksi na muwe mmerudi saa moja na nusu kabla.

Visiwani

Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje ya George Town na abiria hushushwa kwa mashua, kwa zamu za namba. Upepo ukikaza, kisiwa kinarukwa, na hakuna wa kumlaumu. Wengi hupelekwa kwenye fungu la mchanga lenye samaki aina ya taa, maji yakiwa kiunoni. Wavuvi wa Pemba wanajua mwiba wa taa unavyouma: burutani miguu mchangani, msiinue hatua, ili samaki aondoke badala ya kukanyagwa. Dola ya Cayman ina thamani kubwa kuliko ya Marekani, yao 1 ni ya Marekani 1.20, kwa hiyo ulizeni kila mara bei ni ya dola gani. Magari hapo na Jamaika hupita kushoto kama kwetu. Cozumel hupita kulia, na hapo ndipo pa kutazama mara mbili kabla ya kuvuka.

Cozumel ufukwe wa magharibi ndio uliotulia na ndiko kwenye matumbawe ya Palancar. Ule wa mashariki una mawimbi makali, na kuanzia Aprili hivi hadi Agosti hujaa mwani wa kahawia unaooza na kunuka. Jamaika, kama mtapanda maporomoko ya Dunn's River huko Ocho Rios, viatu vya mpira vinavyoshika ni lazima, ndala zitawaangusha. Nguo za mabaka ya kijeshi ziacheni nyumbani kabisa: Jamaika, Barbados na Saint Lucia zimezipiga marufuku kwa raia, kofia na begi vikiwamo, kama ambavyo hata kwetu hazivaliwi ovyo.

Ngozi nyeusi nayo huungua. Upepo wa sitahani huficha joto na mtu hugundua usiku, mabega yakimchoma. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mpake tena kila baada ya saa mbili. Iwe ya madini, kwa sababu Visiwa vya Virgin vya Marekani na Aruba zimekataza losheni zenye kemikali ya oksibenzoni kwa ajili ya kulinda matumbawe.

Bahari ikichafuka, na tumbo

Dawa ya kichefuchefu hufanya kazi ikitangulia. Meklizini ya miligramu 25 humezwa saa moja kabla. Inaleta usingizi, haichanganywi na pombe. Kibandiko cha skopolamini cha nyuma ya sikio huhitaji cheti cha daktari, hubandikwa angalau saa nne kabla na hukaa siku tatu. Nawa mikono ukishakibandika, kwani kidole chenye dawa kikigusa jicho mboni hupanuka na kuona kunaharibika. Mwenye presha ya macho, tezi dume au mimba amuone daktari kwanza. Aliyekwisha kuzidiwa atoke nje, asimame katikati ya meli, atazame upeo wa bahari, ale biskuti kavu na tofaa. Kulala kabini gizani na simu mkononi huongeza.

Kuhara na kutapika kwa ghafla melini mara nyingi ni kirusi cha noro, na jeli ya mikono haikiwezi vizuri. Sabuni na maji kwa sekunde 20, kila kabla ya kula, hasa mkishashika vijiko vya bufe vilivyoshikwa na watu elfu.

Wanaokula halali waandike ombi mwezi mmoja au miwili kabla, kisha jioni ya kwanza wamwone mkuu wa wahudumu wa ukumbi. Atawaletea kila usiku orodha ya chakula cha kesho mchague, na kitapikwa peke yake. Msisahau kuuliza mchuzi, maana mvinyo hutiwa humo. Usiku wa kuvaa rasmi hamhitaji suti ya kuazima. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, au kanzu na koti, vinatosha kabisa.

Kushuka

Usiku wa mwisho mabegi hutolewa nje ya mlango kabla ya saa tano, yakiwa na lebo ya rangi, na hamtayaona tena hadi ndani ya jengo la bandari. Toeni kwanza nguo za asubuhi, viatu, dawa na pasipoti. Kila safari kuna mtu anayeshuka Miami na nguo za kulalia. Matunda na nyama za bufe msibebe, mbwa wa forodha wanakagua. Ndege isiwe kabla ya saa saba mchana. Na bili ya chumba ikagueni usiku huohuo mkienda mapokezi, kwa sababu asubuhi mstari huwa mrefu, na kosa la dola 40 ni rahisi kurekebishwa mkiwa bado ndani ya meli.